Ngazi ya Kwanza Haina Shimo

Wapo watakaoshangaa kuona ukurasa huu, ambao kwa kawaida hujadili bajeti, katiba na hali ya elimu yetu, leo ukizungumzia mchezo wa video. Ninawaomba subira. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitafuta mfano ulio wazi, usiohitaji nadharia nyingi, wa namna kanuni zinavyoweza kufundishwa kwa haki kwa mtu asiyezijua. Katika vitabu vya utawala ninavyosomesha, mfano huo umekuwa adimu. Nimeupata katika Super Mario Bros.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mwezi Septemba 1985, kwa ajili ya mashine iliyoitwa Famicom. Wabunifu wake wakuu walikuwa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na muziki wake ulitungwa na Koji Kondo. Una ulimwengu 8, kila mmoja wenye hatua 4, jumla hatua 32. Hatua ya nne ya kila ulimwengu ni ngome. Mhusika wake, Mario, husafiri kutoka kushoto kwenda kulia huku picha ikisogea pamoja naye. Anakimbia, anaruka, anakanyaga maadui, anaokota sarafu, na mwisho wa safari anatafuta kumkomboa binti wa mfalme. Kwa maelezo hayo mtu anaweza kudhani ni jambo la kitoto. Lakini tutazame dakika ya kwanza tu ya mchezo.

Mario anaanza akiwa upande wa kushoto wa skrini, akitazama kulia, na mbele yake pana uwazi. Hakuna maandishi yanayosema nenda kulia. Hayahitajiki, kwa kuwa nafasi yote iko upande huo, na ukijaribu kurudi nyuma skrini haikufuati. Hatua chache mbele kuna kisanduku kinachometameta chenye alama ya kuuliza, nacho kinakualika ukiguse. Kisha anakuja adui wa kwanza, kiumbe mfupi wa kahawia aitwaye Goomba. Ukikaa kimya, anakugonga na unakufa. Umepoteza sekunde chache tu, na tayari umejifunza kwamba kinachokujia kinaweza kukuua. Safari ya pili unaruka, na ukimwangukia kichwani unagundua kwamba kuruka ni silaha pia.

Baada ya hapo linakuja somo gumu zaidi. Kutoka katika kisanduku kimojawapo unachomoza uyoga, na umbo lake linafanana kidogo na la yule adui. Mchezaji mgeni angeukimbia. Lakini uyoga huo unatambaa kwenda kulia, unaanguka chini, unagonga bomba, kisha unageuka na kumrudia mchezaji, ambaye wakati huo amebanwa chini ya safu ya matofali na hawezi kuuruka kwa urahisi. Unamgusa, naye badala ya kufa anakuwa mkubwa. Miyamoto na Tezuka wamewahi kueleza hadharani kwamba mpangilio huo ulikusudiwa: walitaka mchezaji aupate uyoga hata kama anauogopa.

Endelea mbele utaona mabomba yanayozidi kurefuka moja baada ya jingine, kiasi kwamba kufikia bomba la tatu kidole chako kimeshajua kuwa ukishikilia kitufe kwa muda mrefu Mario huruka juu zaidi. Mashimo yanaanza baada ya mabomba hayo. Na karibu na mwisho wa hatua kuna jambo ambalo mimi hulichukulia kuwa kiini cha falsafa nzima ya mchezo huu. Zipo ngazi mbili zinazotazamana, na katikati yake ni ardhi tupu. Unatakiwa kuruka kutoka kilele cha moja hadi kilele cha nyingine. Ukikosea, unaanguka ardhini, unapanda tena, unajaribu tena. Mbele kidogo zipo ngazi nyingine mbili zinazofanana na hizo, na katikati yake safari hii ni shimo. Ukikosea hapo, umekufa.

Ruka ile ile, umbo lile lile, lakini la kwanza ni zoezi na la pili ni mtihani. Mbunifu hakumhurumia mchezaji. Shimo lipo na linaua kweli. Alichokifanya ni kuhakikisha kwamba hakuna anayefika kwenye shimo hilo bila kwanza kupewa mahali pa kuanguka bila kufa.

Kizazi chetu kiliukuta mchezo huu katika miaka ya tisini, kwenye vibanda vya mitaani vyenye televisheni moja na mashine za kuiga Famicom. Kanda zake hazikuwa na kijitabu cha maelekezo, na hata kama kingekuwepo, Kiingereza chetu kisingetosha kukisoma. Tulilipia kwa zamu, kwa sarafu zilizobaki baada ya kutumwa dukani. Mchezo unakupa nafasi tatu za uhai, kwa hiyo kila kosa lilikuwa na bei iliyojulikana. Na bado watoto ambao hawakuwahi kufundishwa na mtu yeyote walifika ulimwengu wa nne, wa tano, wa nane. Walifundishwa na mpangilio wa mambo yenyewe.

Sasa nirudi nyumbani kwetu, mahali ambapo wabunifu ni sisi.

Mtoto wa Kitanzania katika shule nyingi za umma husoma elimu ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo mojawapo miongoni mwa masomo mengi. Kisha, kati ya Desemba na Januari, anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na hisabati vinasomeshwa kwa Kiingereza. Sitaki leo kuufufua mjadala wa lugha ipi ifundishie. Nimeshauandikia mara kadhaa. Ninauliza swali dogo la ubunifu: ngazi yake ya kwanza, ile yenye ardhi katikati, iko wapi? Tunampeleka moja kwa moja kwenye shimo, na anapoanguka tunaandika katika ripoti kwamba uwezo wake ulikuwa mdogo.

Sheria nayo ina kanuni ya kale isemayo kwamba kutojua sheria si utetezi. Kanuni hiyo ina mantiki yake, kwani bila hiyo kila mkosaji angedai hakujua. Hata hivyo, inadai kitu kwa upande wa dola pia: kwamba sheria ijulikane. Katika nchi hii ilitubidi kungoja hadi mwaka 2021 ndipo Bunge lilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, raia alihukumiwa kwa maandishi ambayo asingeweza kuyasoma, naye akiambiwa kuwa alipaswa kuyajua.

Miaka michache iliyopita alinijia mwanafunzi mmoja, wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu. Alikuwa ameshika barua inayomzuia kufanya mitihani kwa sababu hakujaza fomu fulani kwa wakati.

“Shikamoo, Dokta.”

“Marahaba. Kuna nini?”

“Sikujua kama kuna fomu hiyo.”

“Wenzako walijuaje?”

Alifikiri kidogo. “Waliambiwa na kaka zao.”

Nilikwenda katika ofisi husika, ambayo sitaitaja. Nilionyeshwa tangazo lililobandikwa ukutani, katikati ya matangazo mengine ya miaka iliyopita. Kwa mujibu wa taratibu, ofisi haikuwa na kosa. Binti yule akarudia mwaka. Baba yake, mkulima, alilipa mwaka mmoja zaidi kwa sababu binti yake hakuwa na kaka.

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga. Katika ofisi zetu nyingi kuku huyo huonekana na kila mtu tangu anapoingia mlangoni, na hakuna anayemwonyesha njia.

Super Mario Bros. nao una njia zake za siri. Katika hatua ya pili ya ulimwengu wa kwanza, ukipanda juu ya dari na kukimbia hadi mwisho, unafika katika chumba chenye mabomba matatu yanayokupeleka moja kwa moja ulimwengu wa pili, wa tatu au wa nne. Wengi wetu tuliijua njia hiyo kwa kunong’onezwa na wakubwa kibandani. Lakini yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, dari hiyo inaonekana na kila mchezaji. Mwenye udadisi anaweza kuigundua bila kujuana na mtu. Pili, na hili ndilo kubwa, asiyeijua hapotezi haki yake ya kumaliza mchezo. Anachelewa tu. Njia ya mkato ikiwa zawadi kwa mdadisi, haina tatizo. Inapogeuka kuwa njia pekee inayofika, na mlango wake ukawa unafunguliwa kwa majina ya ukoo, tunakuwa tumejenga kitu kingine kabisa.

Nimesikia hoja mbili dhidi ya fikra hizi, hasa kutoka kwa wanafunzi wangu wa shahada ya uzamili ambao wengi wao ni watumishi wa umma. Ya kwanza ni kwamba kumwongoza mtu mno ni kumlemaza. Jibu limo katika historia ya mchezo wenyewe. Mwaka 1986 Nintendo ilitoa Japani mwendelezo wa mchezo huu, na ndani yake, katika hatua ya kwanza kabisa, ikaweka uyoga wa sumu. Baadaye yapo pia mabomba ya siri yanayokurudisha nyuma badala ya kukusogeza mbele. Tawi la kampuni hiyo nchini Marekani liliukataa kwa kuuona mgumu kupita kiasi. Wachezaji wa huko walipewa mchezo mwingine kwa jina hilo hilo mwaka 1988, na ule wa awali haukuwafikia rasmi hadi mwaka 1993. Mchezo wa 1985 nao ni mgumu, na ulimwengu wa nane umewatoa jasho watu wengi. Ugumu wake, hata hivyo, kwa sehemu kubwa umejengwa juu ya mambo uliyokwisha kufundishwa, ilhali mwendelezo ulifurahia kuyageuza mafunzo hayo kuwa mtego. Mwenye kuanguka katika ugumu wa kwanza hujilaumu na kujaribu tena. Mwenye kuanguka katika wa pili huanza kushuku kila uyoga.

Na hapo ndipo raia wetu wengi walipofika. Ofisi ikitangaza huduma ya bure, anauliza bure hiyo ni shilingi ngapi. Tunaita hali hiyo utamaduni mbaya wa wananchi, kumbe ni elimu waliyoipata kutoka kwetu, nao wameifaulu vizuri.

Hoja ya pili ni uhaba wa rasilimali: hakuna fedha, hakuna watumishi, hakuna nafasi. Mchezo wote niliousimulia hapa, pamoja na picha na muziki wake, ulikaa katika kilobaiti 40. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo huzidi kiasi hicho mara nyingi. Ufinyu huo uliwalazimisha wabunifu kubana kila kitu, hata mawingu na vichaka vya mchezo ni mchoro mmoja uliopakwa rangi tofauti. Katika yote waliyoyabana, hawakuibana ile ngazi ya kwanza. Walikubali wingu lifanane na kichaka ili mgeni apate mahali pa kujifunzia. Uhaba hutuonyesha kile ambacho mtu anakithamini, kwa kuwa hukihifadhi wakati vingine vinapokatwa.

Sidai kwamba mchezo huu ni nchi ya ahadi. Katika baadhi ya ngome zake, ya ulimwengu wa nne ikiwemo, ukichagua njia isiyo sahihi unarudishwa ulikotoka bila kuelezwa sababu, unazunguka humo humo huku saa ikihesabu kurudi nyuma, hadi muda unakwisha na unakufa. Kila anayefuatilia mafao ya kustaafu ya mzazi wake anaifahamu ngome hiyo. Aidha, mchezaji hana sauti katika kutunga kanuni anazozitii. Raia anayo, au anapaswa kuwa nayo. Na zaidi ya yote, mchezaji ana nafasi tatu, na zikiisha huanza upya akiwa hajapungukiwa na kitu. Mwanafunzi ana ujana mmoja. Mkulima ana msimu mmoja kwa mwaka. Ikiwa watu waliokuwa wakibuni burudani waliona haja ya kumlinda mchezaji wa kuigiza asife kwa jambo asilofundishwa, sisi tunaoshika maisha halisi tuna udhuru gani?

Kwa hiyo ninawaachia kazi ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma na ninyi wanafunzi mtakaoingia huko kesho. Chukueni utaratibu mmoja tu unaousimamia: fomu, usajili, kibali, rufaa. Upitie kama mtu asiye na kaka. Tafuta mahali ambapo mgeni anakosea kwa mara ya kwanza, kisha uliza kosa hilo linamgharimu nini. Kama linamgharimu safari ya kurudi kaunta na maelezo ya dakika mbili, mko salama. Kama linamgharimu mwaka, basi mmeweka shimo mahali pa ngazi ya kwanza, na kulifukia hakuhitaji bajeti mpya wala mfadhili.