Likizo Yetu ya Dar es Salaam

Mwezi wa Agosti mwaka jana nilipata likizo yangu, na nilikuwa nimeweka akiba ya kununulia mabati ya nyumba ya mama hapa Kibarani. Jirani walijua habari hiyo, hata fundi alikwisha kuja kupima. Lakini jioni moja mama aliniambia, "Mwanangu, makuti haya yatanisitiri mwaka mmoja zaidi. Mimi sijapata kuvuka mpaka wa nchi. Nipeleke mji mkubwa wenye bahari nikauone." Nikashauriana na mke wangu, tukakubaliana kwamba mabati yangoje. Wako waliosema kuwa karani huyu amepotewa na akili, maana likizo ni ya kupalilia mihogo. Sikuwajibu.

Basi letu liliondoka Mombasa alfajiri, likavuka mpaka wa Lungalunga, likapita Tanga na Chalinze, hata tukaingia Dar es Salaam usiku, miguu imevimba.

Mji ule, wasomaji, ni mkubwa mno. Sultani Majid wa Unguja alianza kuujenga katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakaufanya makao yao makuu. Siku hizi Serikali ya Tanzania imehamia Dodoma, lakini ukisimama Kariakoo saa nne ya asubuhi hutaamini kwamba yuko mtu aliyehama. Jina hilo la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi wa Waingereza la Vita Kuu ya Kwanza. Nilipomweleza mama, alisimama katikati ya msongamano akasema, "Kumbe ndiyo kazi waliyotakiwa vijana wetu, wakakataa!" Naam, ndivyo. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitaka vijana wa Kigiriama wawe wapagazi, na kukataa kwao kulikuwa sababu mojawapo ya vita vya mwaka ule. Watu walitusukuma huku na huku, lakini mama hakuondoka mpaka alipokwisha kunihadithia habari za Mekatilili, kana kwamba mimi sizijui.

Sanamu ya askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 kama ile ya Mombasa, tuliitazama kwa dakika tano.

Siku ya tatu tulikwenda Magogoni, mahali pa kuvukia kwenda Kigamboni. Huko chombo chenyewe huitwa pantoni, na neno Feri limekuwa jina la mahali, pamoja na soko la samaki lililo kando yake. Wasomaji wa umri wangu hawaikumbuki feri ya Kilifi, maana daraja letu lilifunguliwa mwaka 1991. Mama alikuwa akiuza korosho pale, nami mgongoni mwake. Magari yakingoja zamu, abiria hununua. Daraja lilipofunguliwa magari yakapita juu bila kusimama, na sinia la mama likatiwa uchagani. Mimi habari hizi nilizijua kama hadithi tu.

Lango lilipofunguliwa, watu kwa mamia, baiskeli, mikokoteni na magari, wote waliteremka pamoja kuelekea pantoni. Mama alinishika mkono kwa nguvu. Nilidhani anaogopa, kumbe alikuwa akihesabu magari. Nauli ya mtu ilikuwa Sh. 200 za Tanzania, yapata shilingi 10 zetu, na kuvuka kwenyewe ni dakika chache tu.

Ng'ambo ya pili tulimkuta msichana akiuza korosho katika vifuko. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, kisha, kabla ya kuuliza bei, akamwuliza kama daraja halikumwua. Maana Kigamboni nako kuna daraja, lile la Nyerere huko Kurasini, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa mwaka 2016. Msichana akacheka. "Mama, daraja liko mbali. Mwenda kwa miguu atafika lini mjini? Pantoni linamshusha mjini kabisa."

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akanunua vifuko viwili, akaonja, akasema zimeungua, moto ulikuwa mkali. Msichana hakukasirika. Mama akamvuta kando, akamwonyesha kwa kidole: "Hawa wanaoshuka wana haraka, usiwakimbilie. Wale wanaongoja ndio wako. Anza na dereva. Dereva akila, abiria wake watatamani." Dakika chache baadaye nilimwona msichana yule dirishani kwa lori, na mama amesimama nyuma akimtazama kama mwalimu siku ya mtihani. Lile lori lilinunua.

Tulivuka mara nne siku ile. Mke wangu alininong'oneza kwamba nauli zile zingetosha misumari ya mabati. Mama akasikia, akacheka, akashika njia kwenda kukata tikiti ya mara ya tano.