Mfalme na Nusu-Swala: Rai ya Msikilizaji wa Sigowet

Msikilizaji mmoja wa Sigowet, mwalimu mstaafu, huisifu albamu ya King Crimson ya mwaka 1969, In the Court of the Crimson King, kwa kuwa mfalme wake hafafanuliwi. Mashairi ya Peter Sinfield humjenga kwa taswira pekee. Wahakiki wauitapo huo ubunifu, yeye huwakumbusha Chemirocha, wimbo wa wasichana wa Kikipsigis uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1950. Humo Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyesikika kwenye santuri, amekuwa nusu mtu, nusu swala. Aghalabu jambo hilo husimuliwa kama kichekesho cha washamba. Kwa rai yake, jina lisiloelezwa huzaa kisasili London na Kericho sawia. Kwa nini basi Sinfield aitwe msanii, na wasichana wale wajinga?