Wavu wa Ndani

Mwanamke wa Umatengo huzoea mizigo tangu utotoni. Katika miteremko ya Mbinga mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba. Mwanamke huyafukia kwa udongo mpaka ngoro ikakamilika, na aghalabu mtoto yu mgongoni. Huko chini ufukoni, Liuli na Mbamba Bay, mwenziwe hutwika ndoo ya maji ya ziwa: lita 20, yaani kilo 20 juu ya utosi. Mizigo hiyo huonekana na husifiwa. Upo udhaifu usioonekana wala kusifiwa. Mama aliyezaa mara kadhaa akikohoa, akicheka au akiinua ndoo, mkojo humponyoka.

Hapo huanza kujihukumu. Hujitenga na kioda, ngoma aipendayo, kwa kuchelea fedheha mbele ya wenziwe. Kanisani huketi nyuma, karibu na mlango. Hupunguza maji ya kunywa, ingawa jua ni kali. Mume haambiwi, mkunga haulizwi. Husemwa kuwa ni uzee, au kuwa ndiyo ada ya uzazi. Neno hili la pili ni baya zaidi, maana humkatisha tamaa hata mwanamke wa miaka 30.

Chini ya nyonga mna misuli iliyotandazwa mithili ya wavu, kutoka mfupa wa kinena mpaka kifandugu. Hiyo ndiyo ishikiliayo kibofu, na uzazi huilegeza. Mwaka 1948 Arnold Kegel, tabibu wa Marekani, alitangaza kwamba misuli hiyo yaweza kuzoezwa ikapata nguvu tena. Zoezi lenyewe ni jepesi hata huchekesha: mtu hubana kana kwamba azuia mkojo na upepo pamoja, tumbo na mapaja yakiwa yametulia na pumzi zikienda, huhesabu polepole mpaka 5, huachia, hupumzika kwa kadiri ile ile. Hufanya hivyo mara 8 au 10, kutwa mara 3, kwa muda wa miezi 3. Halitaki fedha wala chumba; laweza kufanywa wakati wa kuanika dagaa, asijue mtu. Ila lisifanywe mazoea katika kukojoa kwenyewe, kwa sababu kibofu huweza kubaki na mkojo.

Walakini mama ambaye mkojo humvuja usiku na mchana pasipo kukoma, tangu uchungu uliokawia, yamkini ana fistula. Tundu halizibwi kwa kubana. Mama huyo hakosi bidii. Haja yake ni mpasuaji, na miezi 3 ya mazoezi ingemchelewesha tu.