Leso ya Mama Katika Barabara ya Biashara

Kwa miaka mingi nilishuka matatu ya Kangemi katikati ya jiji na kukimbilia kazini bila kutazama kando. Jumamosi moja mama, aliyekuja kumwona mjukuu, aliomba tupitie Barabara ya Biashara, iliyoitwa zamani Indian Bazaar. Leso nyekundu, manjano na samawati zilining'inia hadi milangoni. Karibu na hapo ilisimama minara ya Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka wa 1933.

Mama akasimama mbele ya duka moja. "Mwanangu, leso niliyokubebea niliinunua hapa hapa."

Nilinyamaza. Nimeandika mengi kuhusu miji ya wengine, wangu siujui.

Msomaji, ikiwa mzazi wako yu hai, tembea naye mjini angali ana nguvu.