Mai ya Kununua na Mai ya Kuuza

Watu wengi hudhani kwamba kompyuta ya Mchina ina vitufe elfu elfu, kila kitufe na alama yake. Sivyo. Kompyuta ile ile tunayoandikia barua za parokia yaweza kuandika Kichina pia, wala haihitaji kitufe hata kimoja zaidi. Na jambo hili si mchezo wa kupoteza saa. Yafaa tueleze kwa nini.

Katika Katanga, Wachina si wageni wa kupita tu. Mwaka 2008 Serikali yetu ilifanya mapatano makubwa ya madini na makampuni ya China, na mwaka 2016 mgodi wa Tenke-Fungurume ulipita mikononi mwa kampuni ya Kichina. Watu wetu wa Lukafu nao hutafuta kazi migodini. Baadhi yao huwekewa mbele karatasi zenye alama wasizozijua, wakaambiwa: Tia sahihi hapa. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza: daftari lisilosomeka ni kama halipo.

Kijana mmoja wa parokia yetu, aliyejifunza Kichina mjini, alitaka kazi ya ukarani wa ghala. Alituletea kompyuta yake tumsaidie kuitayarisha. Kazi yenyewe ni fupi. Katika Windows twafungua mipangilio, twaingia sehemu ya lugha, twaongeza Kichina chenye alama zilizorahisishwa, ndizo zinazotumika China bara. Taiwan na Hong Kong hushika zile za zamani. Kompyuta yavuta programu kwa intaneti. Tangu hapo, kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na kile kirefu cha nafasi, lugha hubadilika.

Lakini kijana alipopiga M, A, I, yalitokea mambo mengine kabisa. Sababu ni hii: kibodi zetu za Kongo hufuata mpango wa Kifaransa, na programu ile hufuata mpango wa Kimarekani. A na Q hubadilishana mahali, Z na W vivyo hivyo, na M huhama kutoka kulia kwa L hadi kulia kwa N. Tulikata vipande vya karatasi, tukaviandika herufi, tukavibandika juu ya vitufe. Dawa ndogo, lakini ilitosha.

Je, herufi zetu zaandikaje Kichina? Orodha iliyotolewa na Serikali ya China mwaka 2013 ina alama 8,105, na katika hizo 3,500 ndizo zinazotumika sana. Wamisionari Wayezuiti walitangulia kuandika sauti za Kichina kwa herufi kama zetu; Padre Nicolas Trigault alipigisha chapa kitabu cha namna hiyo mwaka 1626. Mwaka 1958 China yenyewe ilithibitisha mpango wake, uitwao pinyin. Mwandishi hupiga sauti kwa herufi, na kompyuta humwonyesha alama zenye sauti ile, kila moja na namba yake. Yeye huchagua.

Basi, kuchagua ndiyo kazi hasa. Kwetu Katanga mai ni maji. Katika Kichina, ukipiga mai, waona 买, kununua; 卖, kuuza; 麦, ngano; na 埋, kuzika. Ulimi hupambanua kununua na kuuza kwa kupandisha na kushusha sauti, lakini vitufe ni vile vile. Tazameni vizuri: alama ya kuuza ni ile ya kununua, iliyotiwa kama msalaba mdogo kichwani. Karani akichagua namba isiyo yake, aliyenunua amekuwa mwuzaji. Kompyuta hutanguliza alama itumiwayo mara nyingi. Kilichomo ghalani haikijui.

Baba yake alikuwa ameketi karibu, mtu wa migodi tangu ujana. Akatoa mkataba wake mfukoni, akasema: “Mwanangu, na huu je, utausoma?” Upande wa Kifaransa ulikuwa na mistari michache kuliko upande wa Kichina. Kijana alisoma polepole, akatafuta alama moja moja, akafika penye malipo ya kazi ya usiku. Mzee hakuwa ameambiwa habari hiyo kamwe. Wiki ile ile waliandika barua ya kuuliza, kwa Kifaransa na kwa Kichina, katika ukurasa mmoja. Majibu bado twayangoja.

Enyi vijana, msidhani kwamba programu itawafundisha lugha. Chukueni daftari, mwandike kila alama kwa mkono mpaka mkono uizoee. Nanyi wazazi, mtoto akiomba fedha ya daftari hilo, msimnyime. Siku moja atawasomea kile mlichotia sahihi.