Sanduku Jipya na Kadi Kuukuu



Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa nikaletwa Machakos, na mwaka huu natimiza miaka 19 chini ya milima ya Iveti. Mji huu nao una soko liitwalo Marikiti kama letu la nyumbani, na jina hilo pekee lilinipunguzia upweke wa siku za mwanzo. Lakini leo sina azma ya kusimulia habari za soko. Nataka kueleza jinsi nilivyoziteketeza fedha za mchezo kwa kitu kinachokaa kiganjani, na binti yangu akanyamaza kwa adabu, hali anajua kuwa nimekosea.

Binti yangu huchora nyumba kwa kompyuta. Mtu mwenye kiwanja chake Mutituni au Kathiani humletea ramani ya fundi, naye huigeuza ikawa picha ya kuzungushwa na kutazamwa pande zote, hata ukaliona jua la alasiri likiingia sebuleni. Kazi hiyo ndiyo inayomlipia karo. Kompyuta yake ni ya mtumba, Dell ya ofisini, imara, ila haikuwa na kadi ya michoro, yaani kile kipande kinachobeba hesabu zote za picha ili prosesa isielemewe. Kila alipoizungusha nyumba kwenye skrini, ilikwama, ikaruka, ikakwama tena.

Binamu yake wa Mombasa alikuwa na kadi asiyoitumia tena, GeForce GTX 750 Ti ya mwaka 2014. Alitaka shilingi 3,000 tu. Binti akaniambia, "Mama, hiyo yanitosha." Mimi nikaona haya. Nilikuwa nimemnunulia kompyuta ya mtumba. Nimpe na kadi ya mtumba pia? Zamu yangu ya mchezo ilikuwa imefika. Nikapanda matatu, mwendo wa kilomita 60 na ushei hadi Nairobi, nikaingia duka moja. Kijana wa duka akanitolea sanduku lingali na plastiki yake: GeForce GT 1030. Nilipomtajia ile ya binamu, akacheka kidogo. "Mama, ile ni 750, hii ni 1030. Hesabu mwenyewe." Nikahesabu. Nikalipa shilingi 12,000, nikarudi nyumbani kifua mbele.

Binti alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akanishukuru, akaifunga kadi ndani ya kompyuta. Kwa wiki mbili hakusema neno. Mimi ndiye niliyeona, usiku mmoja nilipompelekea chai, kwamba nyumba ya mteja bado inaruka kwenye skrini, si sana kama zamani, lakini inaruka. Mteja mwenyewe alichoka kungoja akaenda kwa mchoraji mwingine. Kadi ya binamu nayo ilikuwa imekwisha kuuzwa.

Nikamwambia aketi anieleze, wala asinionee haya. Akachukua karatasi.

Kwanza jina. Kumbe namba ile haisomwi kama bei ya nguo. Katika 1030, ile 10 ni ukoo, yaani kizazi cha kadi, na 30 ni daraja lake ndani ya ukoo. 30 ni daraja la chini. Katika 750, ukoo ni 7 na daraja ni 50. Mimi nilimlinganisha mtoto mdogo wa nyumba mpya na mtu mzima wa nyumba ya zamani, nikadhani upya ndio ukubwa.

Kisha akaandika viini, yaani wafanyakazi wadogo wanaogawana hesabu. 750 Ti ina viini 640. 1030 ina 384. Ni kweli kwamba kiini cha kizazi kipya huenda mbio zaidi, kwa hiyo pengo si kubwa kama linavyoonekana. Kumbukumbu zote mbili zina gigabaiti 2. Hapo nikaanza kupata ahueni.

"Bado, mama," akasema. Alinikumbusha jikoni penye pilau la arusi. Wapishi wawe wengi watakavyo. Mchele na maji vikipitia mlango mwembamba, watakaa na miiko mikononi. Mlango wa 750 Ti hupitisha gigabaiti 86.4 kwa sekunde. GT 1030 ya mwaka 2017 ilitoka na kumbukumbu ya GDDR5, ipitishayo 48. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye kumbukumbu ya DDR4, na mlango wake hupitisha 16.8 tu, haufiki hata sehemu moja kwa tano ya ule wa kadi kuukuu. Jina halikubadilishwa. Zote mbili zinaitwa GT 1030. Sanduku langu liliandikwa DDR4, kwa herufi ndogo ubavuni, nami nilikuwa nimelibeba mapajani njia nzima.

Nilirudi dukani. Nikaambiwa kilichofunguliwa hakirudishwi. Sikugombana sana, maana kijana hakunidanganya kwa neno hata moja. Aliniambia nihesabu.

Kwa haki niseme pia sifa ya kadi yangu: inatumia wati zipatazo 20, na ile ya binamu 60. Jambo hili si dogo, kwani tundu la ndani ya kompyuta hutoa wati 75 tu, na Dell yetu haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Wala ukuukuu haukosi gharama. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kuacha matengenezo ya kawaida ya programu za koo zile mbili, ya 750 Ti na ya 1030, ikabakiza ya usalama tu.

Sasa twaweka akiba upya, na binti amekwisha kuziandika mbili anazozitamani. RTX 3060 ya mwaka 2021 ina gigabaiti 12, mlango wa 360 na hula wati 170. RTX 4060 ya mwaka 2023 ina gigabaiti 8, mlango wa 272 na hula wati 115. Ya zamani ina nafasi kubwa zaidi kwa nyumba zenye vyumba vingi. Mpya ina viini vyenye kasi zaidi na haibani tokeni za umeme. Na yoyote atakayoichagua itataka kwanza kisanduku kipya cha kugawa umeme ndani ya kompyuta. Mume wangu apendelea ya pili kwa sababu ya umeme. Binti apendelea ya kwanza. Tumebishana mezani jioni tatu.

Zamu yangu ya mchezo itafika tena baada ya miezi minne. Karatasi ya binti nimeikunja, nimeitia mkobani. Nilimwambia safari hii twende pamoja, akakataa.

"Nenda wewe, mama," akasema. "Ila usome ubavuni."