Viganja Vidogo na Karata Hamsini na Mbili

Ndugu mtahiniwa, kabla hujageukia maswali ya marudio, weka kalamu chini kidogo. Toa rula kwenye mkebe wako, upime kiganja chako kuanzia kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Changu, nilipokuwa kidato cha pili, kilikuwa na sentimita 15. Nakikumbuka kipimo hicho kwa sababu kwa muda mrefu nilikitupia lawama ya kila kitu nilichoshindwa kukifanya kwa mikono yangu.

Nilizaliwa wilayani Ludewa, upande wa milimani, ambako asubuhi za Juni na Julai vidole hufa ganzi kwa baridi. Mwaka ule mama aliuza mahindi, akanipa fedha za sare na madaftari, akanipandisha basi niende Makambako kwa shangazi. Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inakutana hapo na barabara kuu ya Mbeya, na reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Penye wasafiri wengi hapakosi wanaowavizia. Karibu na stendi nilikuta watu wamemzunguka kijana aliyechuchumaa mbele ya boksi. Juu ya boksi palikuwa na karata tatu.

Bila shaka umewahi kuusikia mchezo huo. Unaonyeshwa karata moja nyekundu na mbili nyeusi, zinalazwa kifudifudi, zinahamishwa, nawe unatakiwa kuigusa nyekundu. Bwana mmoja aligusa akashinda. Mama mmoja naye akashinda. Nikajiona nina macho makali kuliko wote wawili. Nikaweka noti ya kwanza, ikaliwa. Nikaweka ya pili ili niirudishe ya kwanza, nikaweka ya tatu ili nizirudishe zote mbili. Haikuchukua dakika kumi, sare yangu na madaftari yangu vikawa mfukoni mwa yule kijana.

Nilirudi nyumbani na madaftari mawili niliyonunuliwa na shangazi. Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alichukua sketi yangu ya mwaka uliopita, akaanza kufumua pindo lake ili ipate urefu. Nadhani angenipiga ningesahau mapema.

Tangu siku hiyo nilitaka jambo moja tu, kujua nilivyoibiwa. Kaka yangu alikuwa na pakiti ya karata chakavu, na binamu yangu alikuwa na simu yenye video za wanamazingaombwe. Nikaanza kujifunza usiku. Shangazi aliposikia alisema, "Mtoto wa kike na karata, wapi na wapi?" Bibi yeye alidhani ni uchawi, hata nilipomwonyesha polepole karata ilikokuwa imejificha. Alicheka, kisha akaniomba nirudie.

Lakini mikono yangu ilinikatalia. Karata ya kawaida ina upana wa milimita 63 na urefu wa milimita 88. Wale niliowatazama kwenye simu walikuwa na viganja kama sinia. Karata ikizama humo haionekani tena. Kwangu ilichungulia pembeni kama mtoto nyuma ya mlango. Nikijaribu kuzifungua karata ziwe kama mkia wa tausi, zilimwagika sakafuni zote 52. Kaka aliniambia, "Mikono yenyewe hiyo ya mtoto, utaweza wapi?" Nami nikamwamini.

Kilichonigeuza ni mtu ambaye hata mkono mdogo wa pili hakuwa nao. René Lavand wa Ajentina, aliyezaliwa mwaka 1928, aligongwa na gari akiwa na miaka 9, akapoteza mkono wake wa kulia. Alijifunza karata kwa mkono wa kushoto peke yake, akawa miongoni mwa wanamazingaombwe wanaoheshimiwa sana duniani hadi alipofariki mwaka 2015. Hakuiga mbinu za watu wenye mikono miwili, bali alijitengenezea zinazomfaa. Wenzake walijivunia kasi, yeye alijulikana kwa kwenda polepole.

Nikaacha kuiga viganja vya watu. Kwanza, niligawa pakiti katikati, nikajizoeza kwa karata 26 badala ya 52. Pili, nilizishika juu, kwenye ncha za vidole, kwa sababu nilikuwa nazibana chini kwenye kiganja hadi vidole vikakosa nafasi ya kusogea. Tatu, niliota moto kwanza, maana kidole chenye baridi hakisikii karata.

Hivi ndivyo nilivyojifunza kukata karata kwa mkono mmoja. Unalishika fungu kwa kingo zake ndefu, kidole gumba upande huu na vidole vingine upande ule. Unalegeza kidole gumba, nusu ya chini inaangukia kiganjani. Kidole cha shahada kinaisukuma nusu hiyo juu mpaka inapita ukingo wa ile nyingine. Nusu ya juu inashuka, ile ya chini inaikalia, basi. Kwa karata 26 nilifaulu baada ya wiki mbili. Kisha nikawa naongeza karata moja moja. Zilipofika 52 nilitazama mikono yangu. Haikuwa imekua hata kidogo.

Ndipo nikauelewa na ule mchezo wa stendi. Mkono mmoja hushika karata mbili, moja juu ya nyingine. Wewe unaamini inayotupwa kwanza ni ya chini, kumbe ameiachia ya juu. Tangu hapo jicho lako linafuata karata isiyo yenyewe. Wale "walioshinda" mbele yangu ni wenzake. Katika Hisabati ya kidato cha nne kuna mada ya uwezekano, na huko utaambiwa kwamba kuchagua karata moja kati ya tatu kuna uwezekano wa 1/3. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu ambapo hakuna anayedanganya. Mbele ya boksi lile, uwezekano wangu ulikuwa 0.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikupenda kulieleza, ila wewe unahitaji kulisikia. Mwaka uliofuata, mikono ikiwa imekwisha kuwa myepesi, tulipewa jaribio la Fizikia kuhusu msuguano. Sikuwa nimesoma. Nilikunja karatasi yenye majibu kwa ukubwa wa robo ya karata, nikaificha kiganjani. Karatasi hiyo haikuchungulia. Mwalimu alipita mara mbili ubavuni mwangu, asione kitu. Nilipata 81.

Kesho yake mwalimu alinisifu mbele ya darasa, akanipa chaki niwaeleze wenzangu swali la nne. Nilisimama ubaoni. Nilikumbuka jibu, lakini sikujua lilikotoka. Mikono yangu ingeweza kuficha karata, karatasi, hata chaki yenyewe. Haikuweza kuficha kwamba sijui. Darasa likawa kimya. Waliosema njia ya mwongo ni fupi walijua, na yangu ilikuwa na urefu wa hatua saba, kutoka kwenye dawati hadi ubaoni.

Jioni nilimfuata mwalimu ofisini nikamweleza. Alifuta alama zile, akaandika sifuri. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa sifuri. Nilikuwa nimemfanyia mwalimu wangu kile kile nilichofanyiwa Makambako. Nilimwonyesha karata moja, nikamwekea nyingine. Na walioliwa ni wale wale, maana ada ile mama aliilipa kwa mahindi.

Nilirudi kwenye mada ya msuguano kama nilivyorudi kwenye karata. Sikuibeba yote. Niligawa mada vipande, nikachukua nusu ya kwanza, nikaifanyia maswali polepole hadi nikaweza kuieleza bila daftari. Na mfano nilikuwa nao mkononi. Karata mpya huteleza kwa sababu msuguano kati yake ni mdogo, na karata zilizoshikwa na vidole vyenye mafuta hunatana. Mwezi uliofuata nilimwomba mwalimu chaki ile mwenyewe.

Nikuachie zoezi moja kabla hujaendelea. Kata vipande vinane vya karatasi, uviandike namba 1 hadi 8. Vigawe mafungu mawili sawa, 1 hadi 4 na 5 hadi 8. Vichanganye kwa kupishanisha kimoja kimoja, ukianza na fungu la kwanza, upate 1, 5, 2, 6, 3, 7, 4, 8. Gawa tena katikati, upishanishe tena. Rudia mara ya tatu. Namba zitarudi kwenye mpangilio wake wa mwanzo. Kwa karata 52, ukipishanisha bila kosa, zinarudi baada ya mara 8. Watazamaji wataita mazingaombwe. Wewe utajua ni hesabu, na utaweza kumweleza yeyote atakayekuuliza.

Mada inayokushinda leo huenda ni kubwa kuliko kiganja chako. Usiifiche, wala usimwonee wivu mwenye kiganja kikubwa. Igawe nusu, uishike kwa ncha za vidole, uanze. Kisha mtafute mwenzako mmoja, umpe kiti, usimame ubaoni umweleze. Ukikwama, utakuwa umegundua mapema, kabla ya Novemba.